Pointi Saba

Mwalimu Zabron Kihwele alikuwa na ugonjwa wa kupima watu. Ukimsalimia njiani alikuitikia vizuri tu, lakini jicho lilikuwa limeshashuka kwenye miguu yako kuona unakanyagaje. Asubuhi alifundisha hesabu katika sekondari moja ya Iringa mjini. Jioni aliwanoa wasichana wa mpira wa miguu, wa chini ya miaka kumi na saba, kwenye uwanja wa vumbi wa Kihesa, na huko ugonjwa wake ulipata pa kunenepea.

Kituo cha Kihesa kilikuwa cha Uporoto Queens, timu ya wanawake yenye makao yake Uyole, kule Mbeya. Timu hiyo ilikuwa na vituo vingine Njombe, Mafinga, Makambako na Tukuyu. Kila Januari kila kituo kilipeleka orodha ya wasichana wake, na Uyole ilimchukua mmoja tu katika kila kituo, akakae kambini na kusajiliwa timu ya vijana. Waliobaki waliendelea kula vumbi hadi mwaka unaofuata, kama umri bado uliwaruhusu.

Zamani orodha hizo zilikuwa za maneno. Kocha mmoja aliandika kwamba binti yake ni moto wa kuotea mbali, mwingine akaandika kwamba wa kwake hajawahi kuonekana tangu nchi ipate uhuru, na Uyole wakawa hawajui wamchukue nani. Mwaka huu walichoka. Ilikuja barua kwa simu: kila msichana apimwe katika mambo saba, yaani kutuliza mpira, pasi, shuti, mbio, pumzi, akili ya mchezo na nidhamu, na kila jambo lipewe pointi kuanzia moja hadi tano. Barua haikusema zaidi ya hapo.

Mwalimu aliisoma mara mbili akacheka peke yake kwa furaha. Mambo saba, pointi moja hadi tano, si ni mtihani wa Kidato cha Nne huo? Masomo saba, A ni pointi moja, F ni pointi tano; mwenye jumla ya saba ndiye aliyeipasua Division One mpaka juu, na mwenye thelathini na tano akamsaidie baba yake shamba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akijumlisha pointi za namna hiyo. Hatimaye, alijisemea, mpira umepata watu waliokwenda shule.

Akawapima wiki tatu, wasichana kumi na wanane, akiwa na filimbi mdomoni na daftari kubwa kwapani. Hakuwa na huruma. Mtoto wa mchungaji alipata nne kwenye nidhamu. Mpwa wake mwenyewe alipata tano kwenye pumzi, na dada yake hakumsemesha kwa siku kadhaa. Alipofika kwa Amna akaandika moja, halafu moja, halafu moja tena, na alipojumlisha akakuta saba. Aliweka kalamu chini akaenda kunywa maji, akarudi kujumlisha upya. Tangu aanze kufundisha mpira hakuwahi kumpa mtu saba.

Amna alistahili. Mpira uliotoka juu ulitulia kwenye mguu wake bila kelele, na kabla wenzake hawajajua umefika, ulikuwa umeshaondoka kwenda kwa aliyekuwa peke yake. Ila Mwalimu hakuwahi kumwambia hivyo. Alikuwa na imani yake kwamba mchezaji akisifiwa anavimba, na akivimba amekwisha. Basi kwa miaka mitatu neno lake kwa Amna lilikuwa moja tu: rudia. Mchezaji mbovu aliambiwa rudia mara moja akaachwa aende zake. Amna alirudishwa mara kumi, kwa sababu ni yeye peke yake ambaye mara ya kumi ilikuwa tofauti na ya kwanza.

Sasa, Amna hakuwa na mwaka mwingine. Machi alikuwa anatimiza kumi na saba. Tena kulikuwa na baba yake, Mzee Isihaka, muuza kanga na vitenge wa soko kuu, mtu wa neno moja. Desemba alikuwa amekuja uwanjani na kanzu yake safi, akasimama mbali na vumbi, akamwita Mwalimu pembeni.

"Mwalimu, mimi na wewe tusizungushane," alisema. "Binti kamaliza darasa la saba, sekondari hakuendelea, mpira kaucheza, mimi nimenyamaza. Mbeya wakimwita, begi nitambebea mwenyewe. Wasipomwita, Februari anakwenda Tunduma kwa shangazi yake Bibie akajifunze cherehani, na habari za mpira ziishe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mzee wangu," alisema Mwalimu, wakapeana mikono. Alirudi katikati ya uwanja akiwa na raha moyoni, kwa sababu alijua orodha itaandikwa na nani.

Chini kabisa ya orodha alikuwapo Blessing Chaula. Blessing alikuja kituoni kwa sababu Amna alikuwa rafiki yake, na mpira na yeye walikuwa hawajawahi kupatana. Ila alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, alifua bipsi, zile fulana za mazoezi, bila kuagizwa, akachota maji ya wenzake. Mwalimu alimpa tano mara sita, na kwenye nidhamu akampa moja kwa moyo mweupe. Jumla, thelathini na moja.

Kabla hajaituma orodha alisita kidogo. Wazo lilimjia aandike chini ya karatasi kwamba pointi chache ndizo bora. Akaona ni kuwatukana watu. Ni Mtanzania gani aliyepita shule asiyejua kwamba saba ni Division One? Akapiga saini, akapiga picha, akaituma kwa Idrisa, kijana wa ofisi ya timu pale Uyole.

Majibu yalikuja Jumamosi alasiri, na Mwalimu kwa kujiamini alikuwa ameshawaita wazazi uwanjani. Aliifungua barua kwenye simu mbele yao akaanza kuisoma kwa sauti ya darasani, bila kuipitia kwanza. Apitie ya nini, na jina analijua?

"Kutoka kituo cha Iringa," alisoma, "kwa wingi wa pointi zake, aliyechaguliwa ni Blessing Chaula."

Mama Blessing alipiga vigelegele mpaka bodaboda waliokuwa barabarani wakasimama kuangalia kuna nini. Alikuwa mwanakwaya wa usharika, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Wasichana walimrukia Blessing, na aliyemfikia kwanza ni Amna, akamkumbatia, akamfuta vumbi mgongoni. Mwalimu aliisoma tena ile mistari kimya kimya. Wingi wa pointi. Alijua mara moja kilichotokea, kama mtu anavyojua ameacha funguo ndani wakati mlango umeshajifunga.

Blessing alimjia akiwa amejishika mashavu. "Mwalimu, ni mimi kweli? Hawajakosea?"

Hapo ndipo Mwalimu alipopewa nafasi yake, na nafasi yenyewe ilikuwa fupi. Angesema neno moja tu, wamekosea, na mambo yangekuwa machungu kwa jioni moja yakaisha. Lakini mama mtu naye alikuwa amefika, ameushika mkono wake kwa mikono miwili na kupiga goti.

"Kamwene, Mwalimu," alimsalimu kwa lugha ya kwao, machozi yakimtoka. "Miaka yote naambiwa mtoto wangu mzito, mtoto wangu hana anachoweza. Leo umeniondolea aibu mbele ya watu."

Mwalimu alimwangalia mama, akamwangalia Blessing, akaona watu wote wanamsubiri.

"Wameona kitu," akasema.

Ng'ambo ya uwanja Mzee Isihaka alisikia kama wengine walivyosikia. Aliweka mkono kifuani kumuaga Mwalimu kwa mbali, bila hasira yoyote, akamwita binti yake wakaondoka.

Mwalimu alijificha nyuma ya goli akampigia Idrisa simu.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Idrisa. "Hongera kwa Blessing. Thelathini na moja kwa thelathini na tano ni asilimia themanini na tisa. Hakuna kituo kilichofika huko."

"Idrisa mwanangu, zile pointi umezisomaje?"

"Nimeziingiza kwenye kompyuta, nikaiambia ipange kuanzia nyingi kwenda chache."

"Na Amna?"

Vidole vya Idrisa vilisikika vikitafuta. "Amna Isihaka yuko mwisho, ana saba. Kusema kweli tulijiuliza, mtoto wa asilimia ishirini anafanya nini kituoni."

"Nilimwandika namba moja, Idrisa. Juu kabisa ya karatasi."

"Si umeanza na A, Mwalimu? Nikajua ni kwa herufi."

Mwalimu alimweleza habari ya Division One. Kijana akasema polepole kwamba Kidato cha Nne alikimaliza zamani, chuoni walikuwa wakihesabu GPA, na huko kubwa ndiyo nzuri. Halafu akasema jambo ambalo Mwalimu hakulitaka: jina la Blessing lilikuwa limeshaingia kwenye mfumo wa usajili tangu asubuhi, na dirisha lilikuwa linafungwa siku hiyo hiyo. Kocha mkuu ndiye pekee angeweza kulibadilisha, na kocha mkuu alikuwa msibani Kyela, simu haipatikani.

Wiki iliyofuata Mwalimu aliomba ruhusa shuleni akaenda Uyole. Aliwakuta mazoezini, kwenye uwanja ulio karibu na barabara kuu, malori ya Zambia yakipita kwa mngurumo hata filimbi haisikiki. Kocha mkuu, Rabson Mwakyoma, alimkaribisha kwenye benchi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka sana, kicheko cha mtu asiye na ubaya, akajifuta macho.

"Ndaga, asante, Mwalimu wangu, umenifumbua," alisema. "Juzi nimemwona huyo binti wako anatuliza mpira kwa goti, nikasema hapa kuna jambo haliko sawa."

"Basi mrudishe, nikuletee mwenyewe."

Kicheko kikamwisha Rabson. "Dirisha limefungwa. Linalofuata ni la Julai. Huyo Amna ana miaka mingapi?"

"Machi anatimiza kumi na saba."

"Umeona sasa."

"Mpokee kambini tu, bila usajili. Mwone akicheza hata nusu saa."

"Nitamwona, nitampenda, halafu? Kitanda kimoja, jina moja, Mwalimu. Klabu si yangu, ina viongozi." Akaegemea mbele. "Na huyu nimrudishe leo kwa sababu gani? Nimwambie mama yake nini? Utamwambia wewe?"

Mwalimu aliomba kitu kidogo zaidi: barua. Karatasi moja yenye mhuri, iseme kwamba Amna ndiye aliyekuwa wa kwanza Iringa, ili baba yake aisome. Rabson akatikisa kichwa taratibu. Barua yenye mhuri inayosema klabu imesajili mtu siye? Viongozi wangemla nyama. Tena saini kwenye ile orodha ilikuwa ya nani?

Ilikuwa ya Mwalimu, nzuri, yenye mkia mrefu.

Blessing alimwona akaja mbio, jasho likimtiririka, akamwamkia kwa kupiga goti kama kwao. Alikuwa amekonda usoni. Alitazama nyuma kuhakikisha kocha hasikii.

"Mwalimu, hapa wananiambia mimi ndiye namba moja wa vituo vyote," alisema kwa sauti ya chini. "Wananipa mpira kila saa. Tafadhali waambie wasinipe sana."

"Utazoea," alisema Mwalimu, na papo hapo akajichukia. Alimtia moyo kwa maneno mawili matatu yasiyokuwa na maana, akaondoka kabla mazoezi hayajaisha, kwa sababu hakuweza kumtazama akikimbia.

Kulibaki jambo moja tu. Alikwenda soko kuu akamkuta Mzee Isihaka dukani kwake, kati ya marobota ya vitenge. Amna alikuwa nyuma, akikunja kanga jozi jozi. Mwalimu aliomba karatasi na kalamu akaandika namba mbili, saba na thelathini na moja, akaanza kufundisha. Hakuwahi kufundisha vizuri kama siku ile. Alieleza A na F, alieleza masomo saba, alieleza kompyuta ya Idrisa, na aliapa.

Mzee Isihaka alisikiliza mpaka mwisho, akaiangalia karatasi.

"Mwalimu, hapa dukani saba haijawahi kuizidi thelathini na moja," alisema.

"Shuleni inaizidi, Mzee wangu."

"Mimi nimeishia la saba, na mtoto wangu la saba. Huko kwetu aliyepata nyingi ndiye aliyejua. Shule gani hiyo ambayo aliyepata kidogo ndiye bora?" Hakuwa anabisha, aliuliza kwa upole. "Basi tuseme ni kweli. Una karatasi ya Mbeya inayosema hivyo?"

"Wamekataa kuandika."

"Na siku ile uwanjani yule binti alikuuliza mbele yetu sote kama wamekosea. Ulijibu nini?"

Mwalimu alizitazama namba zake mbili kwenye karatasi.

"Ulisema wameona kitu. Mbele ya watu wameona, leo tuko wawili hawakuona. Nishike lipi?" Mzee Isihaka aliikunja ile karatasi vizuri akamrudishia. "Una moyo mzuri, Mwalimu, na mimi nimekuelewa. Umekuja kutufariji, na mtu akija kukufariji humfukuzi. Lakini usinilegezee binti. Ameshakubali."

Amna hakuinua macho kwenye kanga zake. Mwalimu alitoka na karatasi yake mfukoni, akiwa na hasira na dunia nzima, na akitafuta ndani ya dunia hiyo mtu mmoja wa kumlaumu. Kila alipotafuta alikutana na mwenye filimbi na daftari.

Wiki ya kwanza ya Februari, asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, alikwenda stendi ya Igumbilo. Basi la Tunduma lilikuwa limewashwa. Mzee Isihaka alikuwa akihakikisha begi linaingia buti. Alikuwa amelibeba mwenyewe, kama alivyokuwa ameahidi kulibeba kwa safari nyingine. Alimsalimia Mwalimu kwa heshima akawaacha waongee.

Amna alivaa baibui jipya na raba zake za mazoezi. Alimpa Mwalimu mfuko wenye njumu.

"Shikamoo, Mwalimu. Hizi mpe Eveline wa pale kituoni, miguu yetu inalingana."

Mwalimu hakuupokea mfuko. "Amna, nisikilize. Ulikuwa wa kwanza. Tangu nianze hii kazi sijawahi kumpa mtu saba. Wewe ndiye mchezaji bora niliyewahi kumfundisha."

Alikuwa amemaliza. Ilimchukua miaka mitatu kusema maneno hayo, na yalipotoka aliyasikia yalivyokuwa membamba. Amna alitabasamu, tabasamu analopewa mtu mzima aliyekuja kutoa pole na hajui pa kuanzia.

"Mwalimu, hukuwahi kuniambia hivyo hata siku moja," alisema. "Kila siku ni rudia, Amna, rudia. Wenzangu ulikuwa unawaambia mara moja tu, mimi mara kumi. Nilikuwa najua siwezi. Nilikuwa nasema tu labda nikizidisha juhudi."

"Nilikurudisha kwa sababu ulikuwa unaweza."

"Sawa, Mwalimu."

Ile sawa ilimmaliza. Ilikuwa sawa ya mtoto mwenye adabu, asiyetaka kumbishia mkubwa. Konda alipiga bodi la basi kwa kiganja. Amna aliushika mkono wa Mwalimu akautia mfuko wa njumu, akafunga vidole vyake juu yake kama vile yeye ndiye mkubwa.

"Usiumie kwa ajili yangu," alisema. "Saba si haba. Mimi nilidhani utanipa tano tu."

Akapanda, akakaa upande wa pili wa dirisha, basi likaanza kurudi nyuma. Tano haiwezekani, Mwalimu alitaka kumwambia. Mtu akipimwa mambo saba hawezi kupata chini ya saba. Saba ndiyo mwisho, hakuna namba nyingine. Aliisema hesabu hiyo yote hadi mwisho, kwa sauti, akiwa ameshika njumu, na Mzee Isihaka aliyesimama kando yake akaitikia kwa kichwa taratibu, akakubali kwamba ndiyo, saba ndiyo mwisho.